Draivu K: iko wapi? Programu za Windows ndani ya Linux na faili zilizoko kompyuta nyingine

Simu ililia saa moja na nusu asubuhi, mahamri sijayamaliza. "Ndoo hebu, mwanangu," akasema Ami, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Langoni, hapa Lamu. "Ankara za jana zote zimeondoka. Za juzi zipo, za mwezi uliopita zipo. Za jana hata moja."

Kompyuta ikipoteza kazi ya siku moja tu na kubakisha nyingine zote, mimi huacha kufikiria virusi. Faili iliyoharibika haichagui tarehe. Kabla sijafika Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, nilishahisi kwamba zile ankara hazikufutwa, bali ziliandikwa mahali pengine. Nilipofika dukani nikagundua aliyezipeleka huko ni mimi mwenyewe, miezi miwili nyuma, kwa amri moja niliyoiandika kwa haraka nikiwahi swala ya adhuhuri.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu wengi siku hizi wanapita njia hii hii. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi za maduka yetu hazina. Ami alikuwa na mbili za namna hiyo kaunta, na ya tatu stoo, kongwe zaidi, iliyokuwa bado na Windows XP na ndiyo iliyobeba faili zote za duka. Kununua tatu mpya hakutaka kusikia. Nikamwekea Linux kwenye zile za kaunta. Tatizo likabaki programu ya ankara: imeandikwa zamani kwa FoxPro, lugha ya kutengenezea programu za hifadhidata, aliyeiandika hapatikani tena, na Ami anaijua kwa vidole hata taa ikizimwa. Microsoft yenyewe ilitoa toleo la mwisho la Visual FoxPro mwaka 2004, na msaada wake ukakoma Januari 2015. Basi ikabidi programu iendeshwe ndani ya Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux.

Wine ilianza mwaka 1993, na toleo la 1.0 likatoka 2008 baada ya miaka kumi na mitano ya kupikwa. Watu huiita kiigizi cha Windows, ingawa jina lake lenyewe ni kifupi cha maneno yanayokana kwamba ni kiigizi. Ukanushaji huo una maana. Wine haitengenezi kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Inapokea maombi ya programu, "nifungulie faili hii", "nionyeshe dirisha hili", na kuyageuza maombi ya Linux papo hapo. Kwa hiyo programu ikiomba faili iliyoko draivu K:, Wine haiendi kutafuta seva mtandaoni. Inaangalia folda moja tu, `~/.wine/dosdevices`, na ndani yake mna viungo vyenye majina ya draivu. Ukifungua utaona hivi:

```
c: -> ../drive_c
z: -> /
```

Basi. Draivu ni kiungo kinachoelekeza kwenye folda ya Linux. Ukitaka K: iwe faili za stoo, folda ya stoo iwe kwanza imepachikwa (`mount`) ndani ya Linux, yaani ionekane kama folda ya kawaida, halafu uiwekee kiungo. Wanaokwama wengi hukwama hapa: wanaona folda ya seva vizuri kabisa kwenye kivinjari cha faili, wanabofya, faili zinafunguka, kisha wanashangaa kwa nini programu ndani ya Wine haioni kitu. Sababu ni kwamba kivinjari cha faili kimeingia kwenye seva kwa mlango wake chenyewe. GNOME, moja ya sura za dawati za Linux, kwa mfano, huiweka folda hiyo ndani ya `/run/user/1000/gvfs/`, kwa jina refu lenye alama za usawa, mikato na nukta mbili. Nukta mbili ndani ya jina la folda ni haramu kwa Windows. Unaweza kuikwepa kwa kiungo, na kusoma picha kutafaa, lakini kufuli za faili, zile zinazozuia wawili kuandika kwa pamoja, hazifiki kwenye seva ukipitia huko. Faili za hesabu msizipitishe njia hiyo.

Mimi huanza chini na kupanda juu, na sigusi Wine mpaka Linux yenyewe imeridhika.

Kwanza ni waya. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe ni nzuri kwa joto, lakini waifai ikigonga ukuta ule wa stoo hurudi ilikotoka. Nilivuta waya. Na hata waya una yake: chumvi ya bahari hula meno ya shaba kwenye plagi, ukiichomoa unaona ukungu wa kijani. Mara mbili nimehangaika saa nzima na mipangilio kumbe dawa ilikuwa kukata plagi na kuweka mpya. Siku hizi, kabla ya lolote, huiuliza seva kama ipo kwa `ping` mara mia moja, si mara nne. Nne zitapita hata kwenye waya mbovu.

Halafu kupachika. Nilipojaribu mara ya kwanza kuipachika folda ya ile XP, Linux ikanijibu kwa kosa nambari 112, linalosema mashine ya upande wa pili imezimika. Imezimika vipi na imejibu ping sasa hivi? Kosa hili limewapotezea watu siku nyingi. Tafsiri yake ya kweli mara nyingi ni kwamba mashine mbili hazikuelewana lugha. Windows XP inajua toleo la kwanza tu la SMB, itifaki ya Windows ya kugawana faili mtandaoni. Kerneli, yaani kiini cha Linux, kuanzia 4.13 ya mwaka 2017, iliacha kulitumia toleo hilo bila kuamrishwa. Windows 10 nayo iliacha kulisakinisha kwa kawaida mwaka huo huo, na Samba, programu inayoifanya Linux iwe seva ya SMB, ikalizima mwaka 2019 katika toleo 4.11. Wote walikimbia kitu kimoja: Mei 2017 ile programu hasidi ya WannaCry ilienea dunia nzima kupitia tundu la toleo hilo la kwanza.

Ukiandika `vers=1.0` kwenye amri, folda itapachikwa na kazi itaendelea. Ushauri huo umejaa kila mahali. Mimi sikuufuata, na sikufanya hivyo kwa sababu ya ushujaa. Diski ya ile XP ilikuwa inalia kama kinanda cha taarabu kilichopasuka, na hata bila WannaCry isingemaliza mwaka. Nilileta kompyuta nyingine kukuu, nikaiwekea Debian, ambayo ni aina ya Linux, na Samba, nikahamisha faili huko.

Niruhusuni kidogo kuhusu jina Samba. Mwaustralia aliyeianza mwaka 1992, Andrew Tridgell, alihitaji jina lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, akaiagiza kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza, likatoka hilo. Angekuwa na kamusi ya Kiswahili tungekuwa tunaendesha Simba. Au Sambusa.

Kwa seva mpya, amri ya kupachika ilikuwa hii:

```
sudo mount -t cifs //192.168.1.20/duka /mnt/duka -o credentials=/etc/duka.siri,uid=1000,gid=1000
```

Ile `uid=1000`, yaani nambari ya mtumiaji wa kaunta, ndiyo iliyonikosesha usingizi baadaye. Ukipachika kwa `sudo` bila kuiweka, faili zote zinaonekana ni mali ya mkuu wa mfumo, na mtumiaji wa kaunta anaweza kusoma lakini hawezi kuandika. Programu ndani ya Wine haitakwambia "huna ruhusa". Itasema faili inatumiwa na mtu mwingine, au itafunguka vizuri na kugoma kuhifadhi tu. Kuna wanaotatua kwa kuiendesha Wine yenyewe kwa `sudo`. Msifanye hivyo. Siku mkirudi kuiendesha kawaida, nusu ya faili za `~/.wine` zitakuwa za mwenye nyumba mwingine, na programu iliyokuwa inafunguka nayo haitafunguka tena.

Mimi kosa langu lilikuwa jingine. Siku ile nilisahau `uid`, nikaona kuandika kunakataliwa, nikadhani shida ni folda `/mnt/duka` yenyewe. Nikaibandua, nikaandika `chown` kumpa mtumiaji wa kaunta, nikapachika tena. Bado ikakataa, maana ukishapachika, mwenye folda ya chini hana neno. Anayesikilizwa ni `uid`. Nikakumbuka, nikaongeza `uid`, ikakubali, nikaenda zangu. Ile `chown` sikuirudisha. Nani angejali? Folda iko chini, imefunikwa.

Baada ya Linux kuridhika, upande wa Wine ni kazi ya dakika moja:

```
ln -s /mnt/duka ~/.wine/dosdevices/k:
wine cmd /c 'dir K:\'
```

Ile ya pili naipenda sana. Inaiuliza Wine bila kuhusisha programu. Kama orodha inatokea hapa na programu bado inalalamika, shida ni ya programu. Kama haitokei, rudi chini. Orodha ikitokea, jaribu na kuandika:

```
wine cmd /c "echo jaribu > K:\jaribu.txt"
```

Programu ya Ami ilipita yote mawili na bado ikagoma. Ikasema njia haikupatikana. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. "Ndia ipi tena? Seva si iyo hapo?" Akainyooshea kidole, na kweli ilikuwa hapo, mlango wa pili. Nilifungua faili ya mipangilio ya programu kwa kihariri cha maandishi, nikakuta aliyeiandika hakutumia draivu K: kila mahali. Kwenye mistari miwili aliandika njia ndefu inayoanza na mikwaju miwili na jina la mashine, `\\stoo\duka`. Wine haina habari ya mashine iitwayo stoo. Lakini ina mahali pa kuwekea majina hayo:

```
mkdir -p ~/.wine/dosdevices/unc/stoo
ln -s /mnt/duka ~/.wine/dosdevices/unc/stoo/duka
```

Ikafunguka. Kuna programu nyingine, si hii, ambazo huuliza draivu ni ya aina gani na kukataa ikiwa si ya mtandao. Hizo unazitatulia kwenye `winecfg`, dirisha la mipangilio ya Wine, tabo ya draivu, unabadilisha aina. Na kama Wine yako imeingia kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo, kupitia Bottles kwa mfano, imefungiwa ndani ya boksi na haioni `/mnt` mpaka uipe ruhusa kwa `flatpak override`. Dalili yake ni kiungo kilicho sahihi kabisa kinachoelekea kwenye utupu.

Sasa turudi kwenye ankara zilizopotea.

Siku iliyotangulia stima ilikatika usiku na kurudi alfajiri. Kompyuta za kaunta na seva zote ziliwaka pamoja. Seva ni kongwe, inachukua muda kukagua diski yake. Kaunta zina diski za kisasa, zikawahi. Kaunta ikajaribu kupachika, seva haijaamka, ikakata tamaa na kuendelea kuwaka, maana nilikuwa nimeiwekea `nofail` isigande. `/mnt/duka` ikabaki folda tupu ya kawaida, na kwa hisani ya `chown` yangu, mtumiaji wa kaunta anaruhusiwa kuandika humo.

Kijana wa kaunta akafungua programu. Programu ikaangalia K:, ikaona hakuna faili, ikafanya ilivyofunzwa siku ya kwanza kusakinishwa: ikaunda faili mpya, tupu, na kumkaribisha. Orodha ya wateja haina mtu, orodha ya bidhaa haina msumari. Ilikuwa tarehe mosi, na yeye anajua mwanzo wa mwezi hesabu hufungwa, akadhani ndiyo mambo ya mwezi mpya. Ami hakuwepo, alikuwa amevuka Mokowe kusubiri saruji. Basi kijana akaandika kila kitu upya kwa mkono, mabati, rangi, boriti, akatoa ankara 23. Jioni akazima. Asubuhi akawasha, seva tayari iko macho, folda ikapachikwa juu ya ile ya jana na kuifunika. Za juzi zikarudi, za jana zikaenda chini ya mkeka.

Kuzitazama zilizo chini ya mkeka bila kubandua kilicho juu:

```
sudo mkdir /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
ls /mnt/chini/mnt/duka
```

Zilikuwepo zote, faili za DBF, ambamo FoxPro huweka rekodi zake, zenye tarehe ya jana. Kijana alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, maana Ami alikuwa ameshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kuziunganisha na za kweli haikuwezekana, nambari zilianza upya kutoka moja, kwa hiyo tulizichapa na yeye akaziingiza tena kwa mkono. Nilikaa naye nikimsomea. Ilikuwa haki yake.

Kisha nikaziba tundu. Nilibandua folda, nikairudisha kwa mkuu wa mfumo, nikaifunga hata yeye asiandike humo:

```
sudo umount /mnt/duka
sudo chown root:root /mnt/duka
sudo chmod 000 /mnt/duka
sudo chattr +i /mnt/duka
```

Na kwenye `/etc/fstab`, orodha ya folda ambazo Linux huzipachika yenyewe, nikaongeza `x-systemd.automount`, ili Linux isijaribu kupachika mara moja tu wakati wa kuwaka bali kila mara mtu anapoigusa folda. Seva ikiwa imelala, programu itapata kosa, si folda tupu. Kosa linamfanya kijana apige simu, na folda tupu inamfanya aanze kazi. Ukiwa humo ndani ya `fstab`, kumbuka kwamba jina la folda likiwa na nafasi, nafasi hiyo huandikwa `\040`. Mimi huwaambia wateja wasiweke nafasi kwenye majina tangu mwanzo.

Ningeishia hapa kama Ami asingemweka binti yake kwenye kaunta ya pili, ya rangi na vifaa vya bomba. Wiki haijaisha, ankara mbili zikatoka na nambari moja. Mteja mmoja wa Shela na mwingine wa Matondoni, wote 4118.

Hii nayo ilikuwa yangu. Nilipokuwa nasakinisha, programu ilikuwa inagoma mara moja moja ikidai rekodi imefungwa na mtu mwingine, ilhali mtu alikuwa mmoja tu. Nilitafuta, nikakuta kila mtu anashauri neno `nobrl` kwenye amri ya kupachika. Nikaliweka, malalamiko yakaisha, nikafurahi. Neno hilo linaiamuru Linux isipeleke kwenye seva kufuli za vipande vya faili.

Tazameni linachofanya. Programu ina faili iitwayo NAMBA.DBF yenye rekodi moja tu: nambari ya ankara ya mwisho. Anayetaka kutoa ankara hufunga rekodi hiyo kwa kufuli, husoma 4117, huandika 4118, hufungua kufuli. Kaunta ya pili ikija katikati inakuta kufuli, inasubiri kidogo, kisha inasoma 4118 na kuandika 4119. Kwa `nobrl`, kila kaunta inafunga kufuli ndani ya kompyuta yake yenyewe. Kijana amefunga mlango wa kwake, binti amefunga mlango wa kwake, na chumba chenyewe hakina mlango. Wote wanasoma 4117.

Na kwa nini ilikuwa inagoma kabla ya hapo, na mtu mmoja tu? Kwa sababu kufuli za Windows na za Linux zina tabia tofauti. Linux ikiona programu moja imeifungua faili moja mara mbili, haijizuii yenyewe. Seva ya SMB huzihesabu hizo kama mikono miwili, na kufuli ya mkono mmoja humzuia wa pili hata kusoma. Ndipo watu wakabuni `nobrl`. Kwa kompyuta moja peke yake neno hilo halina madhara, ila ushauri unaosambaa hausemi sehemu hiyo ya "moja".

Nikaliondoa. Nambari zikakaa sawa, malalamiko ya mara moja moja yakarudi, tukayavumilia. Mwisho wa mwezi Ami akafunga hesabu, na faili za faharasa, zinazoisaidia programu kupata rekodi haraka, zikaharibika.

Hapa ndipo niliposoma kwa makini jinsi Wine inavyofanya kazi, na nilichokikuta naona kinastahili kujulikana zaidi. Windows ina namna mbili za kumzuia mwenzako. Ya kwanza ni hizo kufuli za vipande. Wine huzigeuza kufuli za Linux, na Linux huzipeleka kwenye seva. Ya pili ni kuifungua faili nzima kwa sharti kwamba asiifungue mwingine yeyote, na hii ndiyo FoxPro huitumia inapopanga upya faharasa. Sharti hilo Wine hulitunza ndani ya mchakato wake uitwao wineserver, na wineserver haitoki nje ya kompyuta iliyomo. Ami akifunga mwezi kwenye kaunta ya kwanza, Wine yake inajua faili ni yake peke yake. Wine ya binti yake haijui lolote, na inaendelea kuandika. Hakuna neno la kuongeza kwenye `mount` litakalorekebisha hilo.

Kama kompyuta zako ni Windows halisi na seva ni Samba, sharti hilo linafika na hutakuwa na shida hii; kwako jambo la kuangalia ni Samba kuziachia mashine zitunze nakala za muda za faili hizo, unazuia kwa mstari wa `veto oplock files` wenye `*.dbf`, `*.cdx` na `*.fpt` kwa herufi ndogo na kubwa. Lakini Wine mbili au zaidi juu ya faili za DBF zilizoko mtandaoni, mimi siwashauri kabisa.

Nilichofanya ni kugeuza mambo. Badala ya kuzileta faili kaunta, nikaipeleka programu kule kwenye seva ziliko faili, na kaunta zikawa zinaletewa dirisha tu. Niliiweka Wine kwenye ile Debian ya stoo, nikaelekeza K: kwenye folda ya hapo hapo, `/srv/duka`, nikaandika hati fupi ya kuiwasha, na kwenye kila kaunta ikoni inayofanya hivi:

```
ssh -X duka@192.168.1.20 ./ankara.sh
```

Wote wanaingia kwa mtumiaji mmoja, `duka`. Kwa kawaida ningempa kila mtu jina lake, lakini hapa umoja huo ndio dawa: mtumiaji mmoja, folda moja ya Wine, wineserver moja. Ami akidai faili peke yake, mlinzi anayewasikiliza wote wawili ni yule yule, na binti anaambiwa asubiri. Kwa programu ya fomu na jedwali, kupitia waya, huwezi kuhisi kwamba dirisha linatoka mbali. Kupitia waifai ile ya ukuta wa matumbawe, utahisi.

Wenye programu za DOS, za kabla ya Windows, wanaoziendesha ndani ya DOSBox, neno moja. DOSBox hukumbuka orodha ya faili za folda tangu uliposema `mount`, kwa hiyo faili iliyoongezwa na mwenzako haionekani mpaka uandike `rescan` au ubonyeze Ctrl na F4. Wenye VirtualBox, ambayo hii kweli hutengeneza kompyuta ya bandia yenye Windows ndani yake: mtandao wake wa kawaida, wa NAT, haupitishi matangazo ya majina, kwa hiyo jina la seva halitapatikana, andika anwani ya IP, au pitisha folda kwa njia ya `\\vboxsvr`. Na kama Windows iliyo ndani ni XP, rudini juu kwenye kosa nambari 112, chanzo ni kile kile.

Kilichobaki kwa Ami kilikuwa printa. Programu sasa inaishi stoo, kwa hiyo ikaanza kutafuta printa za stoo, na risiti ya kwanza ya binti ilitokea kwenye printa ya kijana, mteja wa rangi akapewa karatasi ya misumari. Niliziingiza printa zote mbili kwenye CUPS, msimamizi wa printa wa Linux, ya seva kwa majina KAUNTA1 na KAUNTA2, na hati ya kuwasha ikawa inaangalia anayeingia anatoka anwani gani kabla ya kuchagua. Ile XP nayo bado iko stoo, imezimwa, waya umechomolewa. Ami kakataa isitupwe. Ameiweka birika la kahawa juu yake.